Kidonda cha oparesheni ya tumbo: nyumbani au zahanati? Nimeviuguza viwili kwa mpigo

Mwaka huu nyumba yetu hapa Makorora, Tanga, iligeuka wodi. Mdogo wangu alijifungua kwa oparesheni, wiki haijaisha mjomba nae akapasuliwa kidole tumbo ambacho kilikuwa kimeshapasukia humo humo ndani, maana alikaa nacho siku 3 anakunywa Panadol anasema ni gesi. Wote wakaruhusiwa wakaletwa kwetu kwa sababu ndo nyumba yenye choo cha kukaa, na muuguzi mkuu nikawa mimi ambaye kazi yangu ni kuuza kanga Ngamiani. Kwahiyo mi si daktari, nilikuwa tu katikati ya vitanda viwili na beseni, nauliza manesi kila kitu mpaka wakawa wakiniona wanacheka.

Tangu hapo kila mwenye mgonjwa ananiuliza swali lile lile, kidonda nimfungie mwenyewe nyumbani au nimpeleke zahanati kila siku? Na anataka jibu moja. Hamna jibu moja jamani. Vidonda vya hawa wawili vilifanana kwa kuwa vyote viko tumboni, basi, kimoja ukikichokonoa unakiharibu na kingine ukikiacha kinaoza.

Cha mdogo wangu kilikuwa mshono wa kulala chini ya kitovu, umefungwa vizuri, mkavu, nyuzi za kuyeyuka zenyewe. Mshono wa hivi ngozi ya juu inakuwa imeshashikana ndani ya siku 2 hivi, ndo maana wanakwambia bandeji ya hospitali usiifungue ndani ya masaa 48 labda iwe imelowa damu au imebanduka. Cha mjomba kilikuwa cha wima, na daktari alishona nyama za ndani tu, ngozi ya juu akaiacha wazi. Sisi tukajua wamesahau! Shangazi akafunga ushungi wake tayari kwenda kugomba, bahati nesi akatuwahi kwenye simu akatueleza ni makusudi, tumbo lilikuwa na usaha, ukishona ngozi juu yake uchafu unakosa pa kutokea unajikusanya chini. Kidonda kama hicho kinatakiwa kijae kutoka chini kuja juu, na kikiwahi kufunga mdomo wakati chini bado kuna shimo ujue utarudi hospitali.

Kwahiyo kabla hujalinganisha chochote uliza wakati wa kuruhusiwa: umefungwa au umeachwa wazi, nyuzi za kuyeyuka au za kutoa, na kama za kutoa ni siku ya ngapi. Za tumboni mara nyingi zinatolewa kati ya siku ya 7 na ya 14 kutegemea na mshono, ila watakwambia wenyewe, na usije ukajikatia nyumbani na wembe.

Nyumbani au zahanati sasa

Mshono mkavu uliofungwa, mi nasema nyumbani. Mama mzazi anayenyonyesha kumpakia bajaji kila asubuhi, barabara zenyewe unazijua, kila tuta anashika tumbo, halafu anakaa kwenye benchi na watu wanaokohoa masaa mawili ili nesi aangalie mshono sekunde 10 aseme "uko vizuri mama", hapo umemtesa bure. Kazi ya nyumbani kwenye mshono mkavu ni ndogo mno, unanawa mikono, unaangalia, unaacha. Tatizo la nyumbani ni kwamba hakuna jicho la pili. Sisi tulikuwa tunapiga picha kila siku saa 2 asubuhi dirishani, mwanga ule ule, tukilinganisha ya leo na ya jana, na siku ya 7 tukampeleka kuangaliwa.

Kidonda kilicho wazi, au kinachotoa maji, au mgonjwa ana sukari (mjomba anayo), zahanati, tena bila mjadala mwanzoni. Wana vifaa vilivyochemshwa kwenye mashine, wanajua kuingiza gozi (kile kitambaa chepesi cha kufungia kidonda) mpaka chini kabisa bila kuishindilia, na nesi anayeona vidonda 20 kwa siku anatambua kinachoanza kuharibika kabla we hujasikia hata harufu. Hasara yake ni nauli, foleni, na wikiendi, sehemu nyingine hawafanyi kazi hiyo Jumapili kwahiyo uliza mapema usije ukafika umekuta kufuli.

Mjomba tulimpeleka kila siku wiki 2. Baada ya hapo nesi mwenyewe akasema kimejaa nyama nyekundu safi, njoo siku moja ruka moja, na zile siku za kuruka akanifundisha mimi, akanisimamia nikafunga mbele yake mara 2 ndo akaniruhusu. Huo mchanganyiko ndo nimeupenda kuliko vyote. Ila aseme nesi, usijiamulie kisa umechoka nauli.

Maji ya chumvi, spiriti, haidrojeni na ndugu zao

Hapa ndo pana vita kwenye kila familia, ngoja nikae kidogo.

Siku ya pili tu mjomba kafika nyumbani, nimetoka kununua mkate, narudi nasikia ukelele, nakuta shangazi kashika chupa ya spiriti na pamba, mjomba kashika ubao wa kitanda machozi yanamtoka. Shangazi anasema "kikiwasha ndo kinafanya kazi". Hii imani tumelelewa nayo wote, kumbe kuwasha kule ni spiriti inaunguza zile nyama changa ambazo ndo zinazojenga kidonda. Spiriti kazi yake ni ngozi nzima, kabla ya sindano kwa mfano. Ndani ya kidonda hapana.

Haidrojeni nayo, yaani haidrojeni peroksaidi, lile povu linatudanganya, tunaona linachemka tunasema linatoa uchafu. Povu linatoka likikutana na damu na nyama yoyote ile, hata ya kidonda kisafi, na nyama mpya inaumia vile vile. Dettol kwenye maji ya kuoga mshono, haina haja, na ukizidisha inababua. Ile dawa ya zambarau, GV, shida yake ni kwamba inapaka rangi kila mahali halafu hujui tena kama ngozi imebadilika au ni dawa. Iodini iko tofauti kidogo kwa sababu wenyewe hospitali wanaitumia, hasa kupaka ngozi kabla ya kupasua na kwenye vidonda vingine vichafu, lakini ni wao wanaoamua lini na wanaacha lini, sio we kuinunua famasi ukawa unamwaga kila siku mwezi mzima.

Kinachobaki ni kile cha bei rahisi kuliko vyote, maji ya chumvi. Kama una hela chukua chupa ya drip ya chumvi famasi, ile normal salini, ukishaifungua ifunike na usiiweke wiki. Kama huna, chemsha maji nusu lita yatokote dakika 10 hivi, chumvi ya mezani kijiko cha chai kimoja kisichojaa, funika, yapoe humo humo kwenye sufuria, tumia siku hiyo, kesho chemsha mengine. Usichote na kikombe cha kunywea chai (shangazi tena).

Mshono mkavu wenyewe wala hauhitaji kusafishwa na kitu, hata hayo maji ya chumvi. Hili lilinichukua muda kulikubali, nilikuwa nataka nifanye kitu, nikisimama tu naona kama simjali mdogo wangu.

Halafu kuna dawa za mtaani. Kapsuli la rangi mbili unalifungua unamwagia ule unga kidondani: hapana, unga unagandamana juu, chini panachacha, na kipimo chenyewe hakuna anayekijua. Asali nitaitetea kidogo, kuna asali ya hospitali kweli na inatumika kwenye vidonda, lakini ile imesafishwa kwa mionzi kuua vijidudu vyote, sio hii ya kwenye chupa ya Konyagi inayopita mtaani ikiwa na miguu ya nyuki. Hiyo weka kwenye chai. Na kuna jirani alishauri mjomba akishapata nguvu tumpeleke kwenye maji moto ya salfa kule Amboni akaoge, maana yalimponya upele. Upele ni ngozi mama, huyu ana shimo tumboni.

Kufunika na kuacha wazi

Baada ya zile siku 2, mshono mkavu unaweza kuachwa bila bandeji, au ukafunikwa kwa sababu tu nguo inakwaruza. Kwa joto la Tanga, hasa kaskazi, mi napendelea upumue, ile plasta ya nailoni inafuga jasho chini yake mpaka ngozi inakuwa nyeupe kama ya aliyekaa kwenye maji. Kwa mdogo wangu shida ilikuwa tumbo lenyewe bado kubwa linakunja juu ya mshono, pale kwenye mkunjo jasho halikauki. Tulichofanya, analala chali, anainua tumbo kwa mkono, tunapangusa na kitambaa safi kikavu kwa kugusa tu, tunaacha hewa dakika kadhaa, halafu gozi kavu moja inalazwa pale isishikane ngozi kwa ngozi. Mara 2 kwa siku. Nguo ya ndani ya pamba, kubwa, mpira wake ukae juu zaidi kuliko mshono, usiukate katikati.

Kilicho wazi lazima kifunikwe, hapo hamna kuchagua. Ni gozi, na sio pamba! Pamba inaacha manyoya humo ndani ukija kuyatoa unatoa na nyama. Gozi ikiganda usiivute kavu kavu, iloweshe na yale maji ya chumvi dakika 5 inaachia yenyewe. Glavu nunua ndio, ila nawa kwanza kwa sabuni na maji yanayotiririka, sekunde 20 kwenda juu, kucha fupi, pete pembeni, kwa sababu glavu uliyoivaa na mkono mchafu nayo imeshakuwa chafu pale ulipoigusa.

Kuoga au kujifuta

Zamani walikuwa wanaambiwa wasiguse maji mpaka nyuzi zitoke. Saivi baada ya masaa 48 mwenye mshono uliofungwa anaoga, maji ya kopo yapite juu yake yashuke, hamna kusugua na dodoki wala sabuni kumwagwa juu ya mshono, halafu unakausha kwa kubonyeza na taulo safi ambalo halitumiwi na nyumba nzima. Kujizamisha bado. Na watu wetu wa "kaoge bahari Raskazone, chumvi inakausha", subirini, ile chumvi ya bahari inakuja na mambo mengine kibao. Mwenye kidonda wazi kama mjomba alikuwa anajifuta, na siku za zahanati anaoga kabla ya kwenda ili bandeji ikilowa ibadilishwe huko huko.

Kukanda na mkaja

Hili ni la wazazi na sisi watu wa pwani hatuliachi. Bibi kaja na ndoo ya maji ya moto na kitambaa, tayari kumkanda mwari wake. Aliyejifungua kawaida hayo ni mazungumzo mengine, aliyepasuliwa usimkande tumbo. Ganzi ya ngozi pale karibu na mshono inakaa muda mrefu, hasikii vizuri, unamuunguza huku anakwambia endelea. Tukagawana, bibi akakanda miguu na mgongo, heshima ikabaki.

Mkaja, yaani kanga ya kufunga tumbo, ni tofauti, huo mi naupa kura. Tumbo likishikiliwa maumivu ya kuinuka na kukohoa yanapungua, hata hospitali wana mikanda yao ya kazi hiyo. Masharti ni kanga safi iliyofuliwa na kuanikwa juani, ifungwe juu ya gozi, iwe ya kushikilia na sio ya kukamua, na ikilowa jasho ibadilishwe. Bibi alitaka kukaza mpaka mtu ashindwe kupumua ili "tumbo lirudi". Kwa kukohoa, hata mjomba tulimpa mto mdogo, anaukumbatia tumboni anaubana ndo anakohoa, na kuamka kitandani anageuka ubavu kwanza anasukuma kwa mkono, haamki kama anaendesha tingatinga.

Antibayotiki za kuendelea nazo na kutopewa kabisa

Hapa shangazi alikasirika kweli. Mjomba kaja na mfuko wa vidonge, mdogo wangu kaja na vya maumivu tu na vya damu, "wamemdharau mtoto wetu". Kumbe kila mmoja kapewa kinachomhusu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2016 unasema dawa ya kuzuia maambukizi inatakiwa iingie mwilini kabla kisu hakijagusa ngozi, ndani ya dakika 120 za kabla ya hapo, na oparesheni ikiisha hakuna haja ya kuirefusha eti kwa kinga. Kwa mjomba sio kinga, yule alishakuwa na usaha tumboni, ile ni tiba, na tiba unaimaliza yote hata ukijisikia mzima. Usimgawie mwenzako vidonge vilivyobaki, kwanza visibaki. Mwongozo huo huo unakataza kunyoa na wembe sehemu ya kupasuliwa, kwahiyo wale mnaojinyoa usiku kabla ya kwenda ili msipate aibu kwa daktari, acheni, vile vidonda vidogo vya wembe ndo mlango wa wadudu.

Dalili za kukufanya uhame chaguo

Wa nyumbani anaweza kugeuka wa zahanati asubuhi moja tu, na maambukizi ya oparesheni yanaweza kuja mpaka siku 30 baadae (kwa walioshonewa ngiri wakawekewa wavu mpaka 90, na hao mara nyingine wanaruhusiwa siku ile ile, waja leo waondoka leo kama Tanga yenyewe, ndo wanajisahau zaidi). Vitabu vinasema angalia wekundu. Kwa ngozi zetu wekundu utausubiri sana, we angalia ngozi kuwa nyeusi zaidi au ya kung'aa kwa kuvutika, gusa pembeni na mgongo wa kiganja uone kama pana joto kuliko upande wa pili, bonyeza taratibu kama pamekuwa pagumu. Maumivu yanatakiwa yapungue kila siku, yakianza kupanda tena siku ya 4 au ya 5 usimpe Panadol ukalala. Homa kuanzia 38, maji mazito ya njano au kijani, harufu, hayo hayahitaji maelezo.

Kuna moja tu nataka mlishike. Kama kati ya siku ya 5 na ya 10 hivi, mshono uliokuwa mkavu ghafla unamwaga maji mengi ya rangi kama ya maji yaliyooshea nyama, mgonjwa anasema amesikia kitu kimeachia, hiyo inaweza kuwa nyuzi za ndani zimefunguka. Hapo usipite zahanati, Bombo (hospitali ya mkoa) moja kwa moja au hospitali yenye chumba cha oparesheni iliyo karibu na wewe. Na utumbo ukitokeza usiurudishe ndani, funika na kitambaa safi kilicholowa maji ya chumvi, mlaze chali magoti yamekunjwa, asile wala asinywe, tafuta gari. Sio bodaboda.

Chakula fupi tu kwa sababu nimeandika sana. Wanamkataza mgonjwa samaki na mayai eti vinatonesha kidonda. Nyama mpya inajengwa na nini sasa, na uji mtupu? Mjomba alikula changu, mayai, maharage, mchicha, sukari yake ikipimwa kila asubuhi kwa sababu ikipanda kidonda kinagoma, na sigara tulimficha. Mdogo wangu alipata supu ya pweza yake, papai na machungwa ya Muheza kwa ajili ya choo, maana kujikamua chooni na mshono mbichi ni balaa. Kunyanyua vizito wote wawili wiki 6, ndoo ya maji ni kizito, mtoto wa kwanza wa miaka 3 anayelilia kubebwa nae ni kizito.

Mdogo wangu alishapona, mshono umebaki mstari. Cha mjomba kilifunga wiki ya 7, na ile boksi ya glavu ilibaki nusu, shangazi kaichukua anaparia nayo samaki, anasema hazitelezi.